Kuhusu reshio ya difu ya pikapu yako

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa homa. Nimefurahi kusikia umesimama tena. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu na karatasi, maana ulichoniuliza kinataka hesabu. Unasema pikapu imekuwa nzito, gia ya tano haishiki tena mlimani ukiwa na mzigo, na fundi amekushauri utoe kraun na pinioni, zile gia mbili za ndani ya difu kwenye ekseli, za reshio ya 3.73 (propela shafti, mhimili unaotoka giaboksi, inazunguka mara 3.73 gurudumu likizunguka mara moja) uweke za 4.56. Unataka nikuambie ndiyo au hapana.

Jibu langu ni ndiyo, ila si 4.56, na si wiki hii.

Kuna sentensi moja uliipitisha haraka sana: kwamba ulibadilisha matairi. Ulitoka 265/70R16 ukaweka 285/75R16. Mimi naona uzito ulianzia hapo. Tairi la zamani lina kipenyo cha karibu milimita 777, hili jipya karibu 834, yaani asilimia 7 zaidi. Kila gurudumu likizunguka mara moja gari linasogea mbali kuliko zamani, na anayebeba tofauti hiyo ni injini. Difu yako imeandikwa 3.73, lakini barabarani unaendesha gari lenye kama 3.48. Injini yako haijachoka, umeifupishia wenzo.

Sasa igeuze hesabu. Ukitaka kurudisha hali ya zamani kwa matairi haya, zidisha 3.73 kwa uwiano wa vipenyo vile (834 kwa 777) na utapata 4.00. Seti ya kawaida iliyo karibu na hapo ni 4.10, meno 41 kwenye kraun na 10 kwenye pinioni. Nimepiga pia mizunguko ya injini kwa kilomita 100 kwa saa, nikichukulia reshio ya gia yako ya tano ni 0.8. Zamani ilikuwa kama 2,040 kwa dakika. Leo ni kama 1,900. Ukiweka 4.10 itakuwa kama 2,090, karibu sawa na ulivyozoea. Ukiweka 4.56 inapanda hadi 2,320 hivi. Fundi wako anafikiria siku ya mzigo peke yake, wakati wewe mwenyewe uliniambia safari zako nyingi za kurudi ni tupu. Utakaa saa nyingi na injini inayopiga resi bila sababu, na mafuta utayalipia.

Lakini mlima wenyewe haunishawishi sana, na hapa nataka unielewe vizuri. Difu haiongezi nguvu yoyote kwenye injini. Kutoka 3.73 kwenda 4.10 unapata msukumo wa asilimia 10 hivi zaidi kwenye magurudumu. Ukipangua gia kutoka ya tano kwenda ya nne, yenye reshio ya 1.0, unapata asilimia 25 papo hapo, bila kufungua nati hata moja. Kuna madereva wanaoona kupangua gia ni ishara ya gari bovu, na nadhani wewe umeanza kuwa mmoja wao. Gia ya nne iko pale kwa ajili ya mlima. Itumie.

Kilichonishawishi ni ile harufu ya klachi uliyoitaja, siku uliporudisha trela kinyumenyume kwenye mwinuko. Chini ya gia ya kwanza hakuna gia nyingine ya kupangua, na rivasi ni moja tu. Fowili nzito, ile gia ya nguvu ya kuendesha magurudumu yote manne, hutakiwi kuiweka kwenye lami kavu. Kwa hiyo pale unapoanza kutoka ukiwa umesimama na mzigo, unabalansi klachi huku inaungua, na msaada pekee wa kudumu unatoka kwenye difu. Asilimia 10 mahali pale ni umri wa klachi yako. Mlimani ukiwa na mwendo, ni starehe tu.

Kuna njia nyingine ambayo lazima niiseme kwa haki: kurudisha matairi ya zamani. Tairi kubwa linainua ekseli kwa nusu ya tofauti ya kipenyo, na hiyo ni milimita 28 tu. Kama hizo milimita 28 hazikuvushi popote ulipokuwa unakwama, rudisha matairi na tusahau habari ya difu. Ila nakumbuka ulivyolalamika difu kugonga katikati ya makorongo ya magurudumu, kwa hiyo nadhani matairi yatabaki.

Kwa nini si wiki hii? Kwa sababu mimi niliwahi kuharakisha. Pikapu yangu ilikuwa nzito, nikabadilisha difu, nikafurahi siku chache, kisha uzito ukarudi. Breki ya gurudumu moja la nyuma ilikuwa inakamata muda wote, na gia mpya ziliificha tu. Basi kabla ya lolote, endesha kilomita 20 bila kukanyaga breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu. Linalowaka kuliko wenzake lina jambo. Badilisha filta ya hewa na ya mafuta. Pima klachi: ukiwa gia ya nne mlimani kanyaga mafuta kwa nguvu, resi ikipanda na mwendo usipande, klachi inateleza, na hakuna reshio itakayoitibu.

Halafu hakikisha kweli una 3.73. Gari lilishapita mikono mingine kabla yako, na kibao cha kwenye difu kinaweza kuwa cha gari lingine. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua yote mawili ya nyuma, uweke stendi imara, gia ikiwa nyutro. Chora chaki kwenye propela shafti na kwenye matairi. Wewe na mwenzako zungusheni magurudumu yote mawili kwa pamoja, mzunguko mmoja kamili, mtu wa tatu ahesabu propela. Ikizunguka mara tatu na karibu robo tatu, ni 3.73. Ikizidi nne kidogo, mtu alikutangulia kuweka 4.10, na sehemu kubwa ya barua hii itabidi niiandike upya.

Gari lako ni fowili, kwa hiyo ni difu zote mbili, mbele na nyuma, au usiguse hata moja. Ukibadilisha ya nyuma peke yake kisha ukaingiza fowili, ekseli mbili zitavutana kila moja na hesabu yake, na kitakachovunjika kitakuwa cha gharama. Muulize fundi pia kama kibebeo cha kraun ulichonacho kinakubali 4.10. Pinioni inakuwa ndogo zaidi, na kwenye difu nyingine kibebeo kile kile hakifai.

Na umchague fundi kwa vipimo vyake. Kazi yangu ya kwanza ilifungwa kwa mkono na kwa mazoea, na difu ikaanza kulia kila nilipoachia mafuta kwenye kilomita 80. Tulipofungua, meno yalikuwa yanagusana pembeni kabisa. Nafasi kati ya meno ya kraun na pinioni kwa difu nyingi ni milimita 0.15 hadi 0.25, na macho hayaoni kitu hicho. Mwambie akuonyeshe geji ya mshale ya kupimia nafasi hiyo, apake meno rangi, azungushe, kisha akuonyeshe alama imekaa wapi. Akikataa, mshukuru uondoke. Sitaki upitie niliyopitia.

Ikishafungwa, endesha polepole kilomita 25 au 30, iache ipoe kabisa, rudia mara chache. Usivute trela kwa kilomita 800 za mwanzo, kisha mwaga oili ya difu uweke mpya.

Na spidomita yako sasa hivi inakudanganya: ikionyesha 100 unakwenda karibu 107. Kama inasoma kutoka kwenye giaboksi, 4.10 itairudisha karibu na ukweli. Kama inasoma kutoka kwenye magurudumu, difu haitaisaidia chochote. Mpaka hapo, punguza mwendo.

Nasubiri hesabu ya chaki. Niandikie pia rimu ipi ilikuwa ya moto, kama ipo.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako