Wenzangu wa boti, tuzime mashine kabla ya kufika kwenye viota

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu tunaobeba wageni kwenda kuangalia ndege katika Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria. Nilianza ziwani nikiwa kijana wa kuvua dagaa, na huu ni mwaka wa 11 tangu niziache nyavu nikaanza kubeba watu wenye darubini. Ombi langu ni moja: tuzime mashine tukiwa bado mbali, tufike kwenye viota kwa kasia.

Anayelijua ziwa letu anavijua vile visiwa vidogo vya mawe ambavyo kwa mbali huonekana vyeupe, utadhani vimepakwa chokaa. Ule weupe ni kinyesi cha minandi, wale ndege wa majini wala samaki. Mnandi huokota vijiti na nyasi, akajenga kiota juu ya jiwe tupu, na kinyesi kikikauka ndicho kinachokishika kiota kisipeperushwe na upepo. Kinda lake huzaliwa halina hata unyoya mmoja, ngozi tupu nyeusi. Jiwe la ziwani saa saba mchana huwezi kulikanyaga peku. Kwa hiyo mama au baba husimama juu ya kiota, mgongo kwenye jua, mabawa ameyaachia kidogo, ili kinda lipate kivuli. Wakiondoka wote wawili kwa muda, kinda linaungua.

Najua ninachosema kwa sababu niliwahi kuwaondoa mimi mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa saba, miaka michache iliyopita. Nilikuwa na mgeni mmoja mwenye kamera kubwa, akataka picha ya ndege wote wakiruka kwa mpigo. Nikaelekeza boti kwenye jiwe, nikavuta mafuta mpaka mwisho. Minandi waliruka wote, mamia, anga ikawa nyeusi. Mgeni alipiga picha zake akicheka kwa furaha. Hatujageuza hata boti, mwewe wawili walikwishatua katikati ya viota. Makinda makubwa kidogo yalianza kukimbia ovyo juu ya jiwe, na matatu yakateleza mpaka majini. Moja lilikuja likielea ubavuni mwa boti. Nikalichota kwa mkono. Lilikuwa zito kuliko nilivyotegemea, uzito wa sato wa nusu kilo, lina joto, ngozi imelegea, shingo haiwezi kubeba kichwa. Lilifungua mdomo mara mbili tatu bila kutoa sauti. Jiwe lilikuwa mwinuko mtupu, hapakuwa na pa kupandia nikalirudishe. Likafia ndani ya boti, kwenye yale maji yaliyochanganyika na mafuta, kabla hatujafika mwaloni, pale boti zetu zinapoegeshwa.

Mgeni alinipa shilingi 50,000 juu ya nauli. Nilizichukua, nikanunulia mchele na sukari. Sijazisahau mpaka leo.

Tangu siku hiyo nazima mashine nikiwa mita 100 au zaidi, napima upepo unatokea wapi, nauacha unisukume. Sielekezi boti kwenye jiwe moja kwa moja, napita kwa ubavu kama mtu aendaye zake. Kisha namtazama mnandi wa mbele kabisa. Akiendelea kujikuna au kufumba macho, nasogea. Akinyoosha shingo juu na kuanza kugeuza kichwa huku na huku, amekwisha kusema, hapo ndipo natia kasia majini na kusimama. Kwa njia hii nimekaa na wageni saa nzima mbele ya viota, wakamwona mzazi anavyofungua koo na kinda likaingiza kichwa chote ndani kutafuta samaki. Picha ya namna hiyo huipati kwa kuvuta mafuta.

Kijana mmoja wa mwalo wa jirani aliniambia, "Mzee, mteja akitaka warushwe usipowarusha, kesho anapanda boti nyingine." Nimeisikia hoja hiyo na naiheshimu, wote tuna watoto wa kulisha. Lakini katika miaka yangu 11, wageni wanaorudi mwaka hadi mwaka na kuniletea wenzao si wale wa kurusha ndege. Ni watu kama yule mama mtu mzima aliyeniomba tukae kimya pembeni ya mafunjo, saa mbili nzima, akimsubiri tiva, yule mweusi mgongoni na mwekundu kama damu kuanzia kooni mpaka tumboni. Tiva ni ndege wa kujificha. Ukimsikia utadhani ni mmoja, kumbe ni dume na jike wanapokezana, huyu akianza yule anamalizia papo hapo. Tulipowaona wote wawili kwenye bua moja, yule mama alishika mkono wangu akalia. Amekuja mara nne.

Mtindo mwingine ni wa kumtia samaki mfu kipande cha bua la funjo tumboni ili aelee, kisha kumpigia mluzi furukombe, yule tai mla samaki, ashuke mbele ya kamera. Huo nao niliufanya na nimeuacha. Siupigii kelele kama ule wa viota, maana furukombe anajua kujitafutia na kinda la mnandi halijui.

Ninaandika sasa kwa sababu wageni wanaongezeka. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mwaka 2025, kilomita 3 juu ya maji, na anayekwenda Geita na kuendelea mpaka Rubondo hasubiri tena kivuko. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na Saanane hapa mjini tangu 2013. Huko kuna askari na taratibu, huwezi kufanya utakavyo. Mawe yetu ya katikati ya ghuba hayana askari. Yana sisi wenye boti tu.

Nawaomba viongozi wa mialo waliandike hili kwenye ubao ule ule wa nauli, kwa herufi kubwa. Nayaomba makampuni yanayotuletea wageni yawaeleze hotelini kabla hawajapanda boti, maana mgeni akishalipa na kukaa na kamera mkononi, ni vigumu mwenye boti kumkatalia peke yake. Walimu wanaoleta wanafunzi nao wawakataze kupiga makofi na kurusha mawe, hilo nimeliona zaidi ya mara moja.

Boti nyingi siku hizi zinatoka bila kasia, zinategemea mashine tu. Nyumbani kwangu yapo makasia manne ya ziada, mazima, ya enzi za kuvua. Mwenzangu asiye nayo aje Luchelele aulize kwa mzee wa boti ya kijani, nitampa mawili bila malipo.

Mwenye boti,
Luchelele, Mwanza