Bakari, hilo jaketi achana nalo

Mtwara, 11 Juni

Mwanangu Bakari,

Salama huko Lindi? Huku tupo, mama Zuhura anakusalimia na anasema ahadi yako ya pweza mkavu tangu Idi bado haijafika, usije ukasema sikukufikishia.

Ile picha ya jaketi ulionitumia ukiuliza kama ulinunue la kupandia Newala, kwenye kazi yako ya kupuliza salfa mikorosho, nimeiona. Nimeiangalia mara mbili tatu nikaona hapana, hii siwezi kukujibu kwa sauti maana we ukianza kucheka humsikilizi mtu, bora nikuandikie ukae usome. Usinunue. Zuri ni zuri sijakataa, manyoya shingoni, limetuna kama godoro, ukilivaa kwenye harusi watu watageuka, ila kwa Newala mwezi wa sita tena juu ya pikipiki umeliwa.

Nakwambia hivo kwasababu mi nlikua na pacha wake. Nlipoanza kupeleka samaki kule nlilinunua elfu 35 nikajiona mjanja kweli. Unatoka hapa saa kumi na moja alfajiri, mpaka Nanyamba unasema mbona baridi yenyewe ya kitoto, subiri sasa uipite Tandahimba, ukungu umelala barabarani hata mkorosho wa pembeni huuoni, kusi linakupiga ubavuni, na baridi ya kule juu haina mswalie mtume. Lile jaketi likawa linajaa upepo mgongoni kama tanga la dau, upepo unaingilia kwenye zipu, unaingilia mikononi, unatokea shingoni. Nafika Newala vidole vimekufa ganzi, klachi nashindwa kuibana, pikipiki ikazima katikati ya watu. Kuna mama akanionea huruma akanipa kikombe cha uji wa moto, nikakishika tu kwa mikono miwili wala sinywi, nakishika tu. Samaki wangu kwenye boksi la barafu walikua na afadhali.

Nlichokuja kujua baadae ni kwamba tatizo halikua unene. Joto ni la mwili wako mwenyewe, unaipasha ile hewa iliyokaa kati ya nguo na ngozi, ikitulia hapo unaona raha. Sasa ukiwa spidi 60 na upepo unapenya, hewa hiyo inachukuliwa, mwili unapasha nyingine, inachukuliwa tena, na njia yenyewe ni kama kilomita 140, utapasha mpaka lini? Kwaiyo kazi ya jaketi ni kuziba upepo basi, joto litatoka kwenye sweta ya ndani. Sweta ya sufu kama utaipata, ya pamba ikishalowa na umande ndo inakuganda mwilini.

Ukifika dukani fanya hivi, muuzaji akicheka mwache acheke: weka kitambaa cha jaketi mdomoni, puliza kwa nguvu, kiganja kikiwa upande wa pili. Ukiisikia pumzi yako kiganjani rudisha kwenye hanga. Afu angalia nyuma ya zipu, kuna kile kipande cha kitambaa kinachoifunika kuanzia chini mpaka kidevuni, kama hakipo zipu yote ni dirisha. Kola ifunge shingo vizuri bila kukukaba. Na usilijaribu umesimama mbele ya kioo kama bwana harusi, toka nje ukae juu ya hiyo Boxer yako ushike usukani, hapo ndo utaona mikono inapanda mpaka karibu na kiwiko na kiuno kinabaki wazi. Mi lile la kwanza nililijaribu nimesimama.

Leza, najua unaipenda. Leza ya ng'ombe kweli inakata upepo vizuri sana na ukidondoka inakusitiri, ila nzito, na mvua ikiikuta siku nzima ndo unakausha. Shida ni kwamba nyingi tunazouziwa ni plastiki imebandikwa kwenye kitambaa, jua letu hili miezi michache tu inaanza kumenyuka kama muhogo. Tafuta sehemu ambayo ukingo haujashonwa uchungulie kwa ndani, ukiona nyuzi za kitambaa zimefumwa basi si ngozi, hata jamaa aape vipi.

Mi hili nlilonalo nimelitoa kwenye mitumba, jeusi limepauka, mama Zuhura hataki hata kuliona mlangoni. Lakini ni la pikipiki kweli, limetoka Ulaya, lina lebo ndani yenye kapicha ka mtu kwenye pikipiki na namba EN 17092, ndo kipimo cha Ulaya cha nguo za pikipiki, pembeni herufi AA za kiwango cha kinga. AAA ndo kiboko yao, A ndo ya chini ila bado ina padi, ukikuta B ujue padi hamna. La zamani sana hiyo namba hutaikuta, hapo bonyeza padi za mabegani na viwikoni kwa dole gumba, zikivunjika kama biskuti achana nazo. Hizo padi usizidharau. Mwaka jana nlidondoka kwenye mchanga na boksi limejaa changu, samaki wametapakaa, nimeteleza na kiwiko hatua kama tano, mkono wa jaketi ukachubuka ukabaki na kovu, wa kwangu haukuguswa.

Afu lina bitana inayotoka kwa zipu. Hiyo we ndo utaihitaji zaidi, maana utapanda na mashine ya kupuliza salfa alfajiri unatetemeka, unashuka saa nane mchana jua linawaka, bila kuitoa bitana utaiva humo ndani.

Najua utaniuliza mbona vijana wanavaa makoti kinyumenyume na wanapeta. Ni kweli inasaidia, zipu inakua mgongoni upepo haupati pa kuingilia kifuani. Mi nimejaribu, kola inakukaba koo na ukidondoka huwezi kulivua haraka. Kijijini kwa kijijini sawa, Newala hapana.

Sasa kuna moja nimeliona jana kwa yuleyule jamaa wa mitumba, kijani iliyokoza, mikono mirefu kama yako, nimelipuliza halipitishi, padi nzima, zipu ya mfukoni tu ndo mbovu. Anataka elfu 45, nimemuachia kumi alishike mpaka jumamosi. Njoo na Boxer tulijaribu ukiwa umekaa, na huyo pweza usimsahau.

Wako,
Saidi