Mume wangu anasema ameitwa na Mungu, na karatasi inasubiri sahihi yangu

Mama Mchungaji,

Shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako, mama wa watoto watatu, Mlutheri wa kuzaliwa. Huwa nasoma majibu unayowapa wenzangu nikiwa nasubiri wateja, na mara nyingi nakubaliana nawe, ingawa kuna siku naona unawahurumia wanaume kuliko wanavyostahili. Leo ni zamu yangu. Nimeletewa karatasi ya kusaini na sijaisaini.

Karatasi ni ya maombi ya mume wangu kwenda chuo cha Biblia kusomea uinjilisti, miaka miwili. Chini kabisa kuna mstari wa mke: kwamba nimeridhia, na kwamba niko tayari kuishi popote atakapopangiwa. Baraza la wazee la usharika limeshapitisha jina lake, mchungaji ameshasaini. Imebaki nafasi yangu tu, na inatakiwa kabla mwezi haujaisha.

Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa. Dar mpaka Tunduma, Tunduma mpaka Kasumbalesa na Lubumbashi, kurudi na shaba. Asiyeijua kazi hii anadhani dereva anaendesha tu, kumbe sehemu kubwa ya maisha yake ni kusubiri. Hata baada ya kile kituo cha pamoja cha mpakani Tunduma na Nakonde kuzinduliwa mwaka 2019, foleni haikuisha. Kuna nyakati malori yanapanga mstari mpaka eneo la Mpemba, watu wanapika chini ya matrela, wanafua, wanagombana, wengine wanaokota maradhi ya kupeleka nyumbani. Wito wake ulianzia kwenye foleni hiyo. Hakupata ajali kwenye mlima Kitonga wala hakutokewa na malaika. Dereva mmoja Mhaya alikuwa akisoma Biblia kwa sauti jioni, na mume wangu alisogea, anavyosema mwenyewe, kwa ajili ya chai ya maziwa. Baadaye yule Mhaya akahamishiwa njia ya Rwanda, wenzake wakamgeukia mume wangu: sasa utatusomea wewe. Akasoma. Akaanza na kueleza. Utingo mmoja kijana akalia, akaomba aombewe. Aliporudi nyumbani aliniambia, "Mama, nilikuwa naongea na nikajua siongei peke yangu." Tangu hapo madereva wakaanza kumwita mchungaji, kwanza kwa utani.

Yule Mhaya ndiye aliyemsimulia pia habari za uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda mpaka Bukoba: jinsi watu waliookoka walivyokiri mbele za wenzao na kurudisha walichoiba. Hadithi hiyo ilimkaa. Nayo ndiyo iliyotufikisha hapa.

Mama, sijui kama unajua mambo ya dizeli. Dereva hupewa mafuta ya safari kwa lita. Akiendesha kwa akili yanabaki, na yanayobaki huuzwa njiani usiku kwa madumu. Kila mtu barabara hii anajua, na wauzaji na wanunuzi wote wanakwenda ibadani Jumapili. Bati za nyumba yetu ni za dizeli. Sakafu pia. Basi mume wangu akaacha, na hakuishia hapo. Alikwenda kwa tajiri wake kukiri, kama Zakayo. Tajiri alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa ukweli wake, akamfukuza kazi. Mshahara wa mwisho ukakatwa kufidia mafuta, na wale aliowaacha kazini wakapunguziwa lita, kwa hiyo wengi wao hawamsalimii tena. Nilimuuliza kama na bati nazo zirudishwe. Akaniambia, "Akizidai, tutazirudisha." Nilicheka, halafu nikaona yeye hacheki.

Haukupita muda mrefu mama yake akapata kiharusi. Upande wa kulia wote ulilala na maneno yakapotea. Yupo kwangu, namwosha, namgeuza. Kwa gharama za hospitali nilikopa kwenye kikundi cha mikopo ile tunayoiita kausha damu, na aliyeipa jina hilo hakukosea. Kila Jumatatu ni rejesho. Mmoja akipungukiwa, kikundi kizima kinahamia kwake mpaka fedha ipatikane. Siku niliyopungukiwa mimi walikaa uani kwangu tangu asubuhi mpaka giza linaingia, wengine wananyonyesha, mmoja akanisaidia kuchambua maharage huku akinidai. Mwisho cherehani yangu ya mota ikapakiwa kwenye guta ikaondoka. Sasa nashonea cherehani ya miguu ya jirani, naye huniachia muda ambao yuko sokoni.

Hayo ndiyo majaribu yetu. Najua kuna wenye makubwa zaidi. Kinachonisumbua ni namna watu wanavyoyasoma.

Mume wangu anasema shetani hapigani na mtu asiye na maana, kwa hiyo mapigo haya yanathibitisha wito. Dada yangu, ambaye yuko kwenye kanisa la Kipentekoste, anakubaliana naye na ameongeza kufunga na kuomba. Wifi yangu anasema Mungu anafunga milango waziwazi na kaka yake ni kipofu. Baba mkwe, ambaye hajawahi kumaliza ibada akiwa macho, anasema mwanaume anayeacha usukani akashike kitabu ana lake jambo. Hata mama mkwe wanamtafsiri. Wakiomba pale kitandani huinua mkono wa kushoto. Mume wangu anasema anatubariki. Wifi yangu anasema anakataa. Mimi ninayemwosha najua mkono ule huinuka akitaka kugeuzwa.

Usiku mmoja nilimuuliza mume wangu hivi: tukipata ada, utasema Mungu amefungua mlango. Tukikosa, utasema anatupima. Basi niambie, ni jambo gani likitokea ndipo utakubali kwamba hukuitwa? Alinyamaza. Nikadhani amekasirika. Kesho yake, anakoroga uji wa mama yake, akanijibu bila kugeuka, "Siku nitakayopita pale Mpemba, niwaone wale vijana, nisiumie." Sikuwa na la kusema.

Nimejaribu kutafuta mwenyewe kwenye Maandiko, maana nilipata kipaimara na sikuwa nasinzia. Mama, kuna dhoruba mbili ambazo zinanitatiza. Ya Yona ilikuja kwa sababu alimkimbia Mungu. Lakini kwenye Mathayo 14 ni Yesu mwenyewe aliyewalazimisha wanafunzi wapande chomboni, wakamtii, na upepo ukawakuta vilevile katikati ya bahari. Mtu aliyekuwa ndani ya chombo, analowa, angejuaje kama hii ni dhoruba ya Yona au ni ya wanafunzi? Wahubiri wetu huzisoma Jumapili tofauti. Hakuna aliyewahi kuziweka pamoja nikiwa nimekaa pale.

Nimesoma pia habari za Petro. Injili inatuambia alikuwa na mama mkwe, mgonjwa wa homa, kwa hiyo alikuwa na mke. Nyavu zilipoachwa ziwani, yule mke alisema nini? Hatuambiwi. Baadaye Paulo anamtaja kwa mbali, kwamba Kefa, yaani Petro huyohuyo, alisafiri na mkewe, kumbe mwisho alikwenda naye. Ningetoa sadaka nono kusikia mazungumzo yao ya nyumbani siku ile ya kwanza. Halafu kuna ule mstari wa Timotheo wa kwanza, sura ya tano, kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani na ni mbaya kuliko asiyeamini. Nilimsomea mume wangu. Naye akanisomea Luka 14, ule mstari wa kumchukia baba na mama na mke. Tukafunga Biblia tukalala tumepeana migongo.

Mchungaji wetu nilimwendea, ni mtu mwema. Alinieleza kwamba kwetu Walutheri kuna wito wa ndani, ambao mtu anausikia moyoni, na wito wa nje, ambao Kanisa linauthibitisha. Akaniambia Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 14, linakataza mtu kufundisha hadharani kanisani bila kuitwa kwa utaratibu, na kwamba baraza ndilo limefanya utaratibu huo. Nilimwelewa. Lakini mimi nimo kwenye kwaya na nasikia mengi. Kuna mtaa mmoja wa usharika wetu huko porini ambao umekaa bila mwinjilisti, na waliokwenda kabla hawakudumu. Baraza linamhitaji mtu wa kwenda huko. Sisemi wamekosea. Nasema wito wa nje nao una shida zake za kutaka kutatuliwa.

Maisha ya mwinjilisti nayajua, sijasimuliwa. Posho inafuata sadaka, na sadaka inafuata mvua. Mavuno yakiwa mazuri, ule mnada wa baada ya ibada unachangamka: mayai, miwa, jogoo, viazi. Mwaka mbaya mnanunuliana mayai yaleyale. Mke wa mwinjilisti ndiye anayelisha wageni wote wa mtaa, na anaangaliwa kanga yake. Mtoto wangu wa kwanza amemaliza kidato cha nne na anataka uuguzi. Nani atamlipia?

Na sasa kuna hili. Kampuni nyingine ya Dar imempigia simu mume wangu. Gari jipya, njia ileile, na mwenye mali amesikia habari za dizeli na ndiyo sababu anamtaka. Nilipoambiwa nilishangilia. Nikasema, si hili ndilo jibu? Uaminifu wake umelipwa, foleni bado ipo, na vijana wake bado wako Mpemba wanapika chini ya matrela. Si Paulo alishona mahema na Akila na Prisila pale Korintho? Na si Luther mwenyewe alifundisha kwamba kazi ya baba shambani na ya mama jikoni ni wito wa Mungu kama ilivyo ya padri? Mume wangu ananijibu kwamba Yona naye alikuta meli iko tayari, na nauli alikuwa nayo. Hili jibu lake nimelichukia, Mama, kwa sababu ni zuri.

Usije ukadhani nimepoa kiroho. Zamani nilikuwa naomba kama ninayemtuma mtoto dukani: hiki, na hiki, na chenji urudishe. Baada ya cherehani kuondoka sikuwa na orodha tena, nikawa nakaa tu mbele za Mungu nimenyamaza, na nimegundua naweza kukaa hapo muda mrefu bila kuogopa. Sikuwa hivyo. Mume wangu pia hakuwa hivi. Alikuwa akirudi safari anakaa kama mgeni mwenye hasira, watoto wanahamia jikoni. Leo anampikia mama yake uji, anamlisha kwa kijiko, anamfuta kidevu, na mtoto mdogo anafanyia hesabu zake pembeni yake. Kama majaribu yanazaa saburi anavyosema Yakobo, basi kwetu yamezaa, siwezi kukana. Lakini saburi ingeweza kuzaliwa hata akiwa dereva. Kwamba imani yetu imekua haniambii bado tuelekee wapi.

Ninachokuuliza ni hiki. Samweli aliitwa usiku, na mara tatu alimkimbilia Eli akidhani ndiye anayemwita. Mtoto alisikia sauti, lakini aliyetambua ni ya nani alikuwa yule mzee mwenye macho yaliyofifia. Kwa hiyo naamini mwenye kuitwa anahitaji sikio la mtu wa pili. Je, mke anaweza kuwa Eli wa mume wake, au nina maslahi mno? Maana kila nikijisikiliza, nasikia Jumatatu ya rejesho.

Na la pili: nikisaini bila kusikia chochote, kwa kumwamini yeye tu, hiyo ni imani au ni uoga wa kuonekana nampinga Mungu? Nikiandika kwamba naomba asubiri mwaka mmoja, aendeshe gari la hao wa Dar, tumalize deni na mtoto aanze chuo, nitakuwa nimeuzima moto au nimeuwekea mafiga? Mume wangu anasema Elisha alipoitwa alichinja ng'ombe wake palepale. Mimi nasema Elisha aliomba kwanza akawabusu baba na mama yake, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mmoja wao alikuwa amelala na kiharusi.

Wewe umeolewa na mchungaji na nadhani uliwahi kuletewa karatasi kama hii. Ulisaini ukiwa na hakika, au hakika ilikuja baadaye, au haijaja mpaka leo? Naomba uniambie kweli, hata kama jibu haliwafai wasomaji wengine. Tafadhali usinijibu kwamba niombe. Naomba. Nijibu kuhusu karatasi, na kama inawezekana iwe kabla ya mwisho wa mwezi.

Jina langu usilitoe. Mama mkwe ana wageni wengi na wote wanasoma.

Fundi cherehani,
Makambako