Barua kwa mwanangu aliyekatwa mshahara kwa mashuka asiyoyachukua

Mtambwe, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mola. Bibi yako goti lile bado linamsumbua, lakini uani anakwenda mwenyewe kwa bakora yake na hataki kushikwa mkono. Kakaako yuko dago kwa uvuvi, tangu mwezi uliopita hatujamwona.

Ujumbe wako wa sauti, wa mashuka yaliyopungua stoo ya hoteli ukalipishwa wewe, na wa cheo alichopewa binti mwengine, tumeusikiliza, kwanza mimi na mamaako pamoja, kisha kila mtu kivyake. Nimeona nikujibu kwa kalamu, maana simu ina tabia ya kukatika pale pale mtu anapofika kwenye neno. Barua nampa jirani yetu anayevuka kesho kwa boti ya Mkoani, ataiacha kwa mamaako mdogo.

Hapa nyumbani hakuna aliyeuliza kama hayo mashuka uliyachukua. Mamaako alipofika pale unaposema "wamenikata mshahara miezi miwili" alizima simu, akatoka nje akafagia uwanja ambao asubuhi ulishafagiliwa. Basi hilo limekwisha.

Lililonikosesha usingizi ni lile ulilolisema mwishoni. Ulisema, kwa kuwa mashuka umeshayalipa, ukitoa mengine stoo ukayauza si utakuwa umechukua chako tu? Ulicheka. Lakini mimi nimekulea, nakijua kicheko chako cha mzaha na kile cha kutaka kusikia mtu atasemaje.

Nilimuuliza shekhe baada ya swala ya Alasiri, bila ya kumtaja mtu. Akanambia suala hilo wanavyuoni wamelizungumza tangu zamani. Hind binti Utba alimshitakia Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa mumewe Abu Sufyan ni bahili, hampi cha kumtosha yeye na wanawe. Akaambiwa achukue kinachomtosha kwa wema. Kwa hiyo wapo wanavyuoni waliosema, na wa madhehebu yetu ya Shafi wamo, kwamba mtu aliyezuiliwa haki yake iliyo wazi kisha akaikuta, anaweza kuichukua kwa masharti yake. Nakwambia hili mapema kwa sababu sitaki siku moja ulisikie kwa mwengine ukadhani babaako alikuficha. Lakini shekhe akanisomea na hadithi nyengine: mrejeshee amana aliyekuamini, wala usimfanyie khiyana aliyekufanyia khiyana. Akaniuliza, huyo mtu wako kapewa ufunguo? Nikamwambia kapewa. Akasema, basi ufunguo ni amana, mlango huo umefungwa.

Nami naongeza langu. Leo wanasema umeiba, na wewe unajua kuwa ni uongo, na Mola wako anajua. Siku utakayotoa shuka moja tu, uongo wao utageuka kweli, tena wewe ndiye utakayekuwa umeugeuza. Na dua yako utaipeleka na uso gani? Mtume alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen alimuusia aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani baina yake na Mwenyezi Mungu hakuna pazia. Dua hiyo ndiyo mali uliyonayo kwa sasa. Usiiuze kwa bei ya taulo.

Shangazi yako kaja na la kwake. Anataka tukusanye watu tusome Halbadiri, ile dua ya kumwapiza mwizi, yayapate yatakayoyapata hayo majizi. Unamjua shangazi yako, keshahesabu na kilo za mchele. Nimemkatalia, na kaninunia mpaka leo. Watu wa Badri wanaotajwa humo, waliopigana pamoja na Mtume, ni watukufu wetu, majina yao yanasomwa kwa heshima, lakini hebu fikiri. Ufunguo wa stoo mnao zaidi ya mmoja, na hakuna anayejua nani katoa nini. Sisi tunalalamika kwamba umetiwa hatiani bila ya ushahidi, kisha tukae kitako tuombe balaa limshukie mtu tusiyemjua? Pengine hata hakuna mwizi. Pengine ni hesabu ya dobi iliyoandikwa vibaya. Tutakuombea wewe, kwa jina lako, kila usiku. Hilo halina shaka ndani yake.

Mimi yangu yalinipata kwenye karafuu. Wewe ulikuwa bado skuli, hukuambiwa. Msimu ule mvua ilitusamehe, karafuu zilianikwa kwenye jamvi zikakauka sawasawa, ukizivunja kwa kucha zinalia. Unajua kazi yake: kilo tatu mbichi ndizo zinazotoa kilo moja kavu, na mvua ya saa moja inaweza kukutia ukungu katika zote. Nilizichambua makonyo, vile vijiti vyake, mpaka macho yakauma. Nilipofika kituoni kuziuza, mkaguzi akatia mkono kwenye gunia la juu, akasema daraja la pili. Aliyenitangulia zake zilikuwa na makonyo yanaonekana kwa macho, na alipewa la kwanza. Walikuwa mtu na shemejiye.

Nilimwomba afungue gunia jengine atazame. Hakutaka. Nikamwomba basi aandike vizuri kwenye risiti, jina, uzito na daraja, akaandika. Nikenda kwa mkubwa wake na risiti yangu. Mkubwa yule alinisikiliza, akaniagizia chai, akasema atalitazama. Mpaka leo analitazama.

Na yule mkaguzi, mwanangu, kastaafu salama. Kajenga, watoto wake wamesoma, anaswali safu ya mbele na tukikutana tunaamkiana. Hili nakwambia makusudi. Mawaidha mengi tunayosikia huishia kwa dhalimu kuanguka mtini au kupata maradhi yasiyo na jina, na aliyedhulumiwa anapita njiani akimtazama. Mimi sikumwona akianguka. Kwa muda nilikuwa namchungulia, nikaona nafsi yangu inaharibika, maana ukisikia mtoto wake anaumwa moyo unauliza, je, ndiyo hii? Huko si kumtegemea Mungu, huko ni kumsimamia Mungu kazi yake. Wazee walisema Mungu si Athumani. Halipi kwa tarehe zetu wala haoneshi mtu risiti. Kama yule bwana alitubu, hilo ni lao wawili.

Lakini siku ile ile, jioni, wachumaji wangu walikuja kupimisha. Unakumbuka wanavyopanga foleni na vikapu vyao, kila mmoja anasubiri pishi zake zihesabiwe. Kipimo kilikuwa mkononi mwangu. Mtu aliyepunjwa mchana ana hamu ya ajabu ya kupunja jioni, na hahisi kama ni dhambi, anahisi kama anarejesha chake. Ukilisukasuka pishi kidogo linameza karafuu zaidi, mchumaji haoni. Nilisimama pale nikasoma moyoni ile sura ya wapunjao, wanaojipimia kwa watu wakatimiza na wakiwapimia watu wakapunguza. Nikapima kama ninavyopima siku zote. Nakwambia kweli, mbele ya mkaguzi sikuhitaji tawakali nyingi, pale nilikuwa mnyonge tu sina la kufanya. Kwenye pishi ndipo nilipomhitaji Mola anishike mkono.

Wewe una wasichana wawili wa kufua chini yako. Watazame hao. Usije ukawahesabia taulo kwa ukali uliotoka kwa meneja.

Sasa lile la kunyamaza. Watakuja watu wakwambie subira yavuta heri. Ni kweli, ila wengi wanaolisema neno hilo wanachotaka ni usiwapigie kelele. Mtazame Nabii Yusuf. Ndugu zake wamemtia kisimani, kauzwa kwa dirhamu chache, katiwa gerezani kwa kosa ambalo shahidi na kanzu iliyochanika kwa nyuma vilishamtoa. Hakuna aliyemtegemea Mungu kumshinda, na bado alimwambia yule mwenzake aliyekuwa akitoka: nitaje kwa bwana wako. Kisha miaka ikapita, mfalme akapeleka mtu kumtoa. Hapa ndipo ninapopapenda. Mlango uko wazi, yeye hatoki! Akamwambia mjumbe, rudi ukamuulize bwana wako, wana hali gani wale wanawake waliojikata mikono? Alitaka jina lake lisafishwe kwanza. Mtume wetu mwenyewe alisema kwa unyenyekevu kwamba lau angekaa gerezani muda aliokaa Yusuf, angemwitikia aliyekuja kumwita.

Na babaake, Nabii Yakub, ambaye sote tunamtaja kwa subira njema. Alisema masikitiko yangu na huzuni yangu namshitakia Mwenyezi Mungu. Watu hukoma hapo. Aya inayofuata anawaambia wanawe: nendeni mkamtafute Yusuf na nduguye, wala msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Machozi kwa Mola, na watoto barabarani kutafuta, kwa pumzi moja.

Tena kuna kisa cha yule mfanyabiashara wa Yemen. Alikwenda Makka kabla ya Uislamu, akamuuzia al-As bin Wail bidhaa, akanyimwa pesa. Mgeni, hana kabila pale. Alipanda jabali la Abu Qubays watu wakiwa wamekaa karibu na Al-Kaaba akapaza sauti akaeleza alivyodhulumiwa. Wakubwa wa Makka wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an wakaapizana kuwa pamoja na kila aliyedhulumiwa mpaka apewe haki yake, na mgeni yule akarejeshewa mali yake. Mtume alikuwemo, kijana, hajapewa utume. Baadaye alisema lau angeitwa kwenye kiapo kama kile hata ndani ya Uislamu angeitika. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba kudai ni ukosefu wa imani. Qur'ani yenyewe imesema Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya kutangazwa, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa.

Hiyo "isipokuwa" usiitie kwenye statasi ya simu. Jabali lako ni meza ya meneja.

Andika barua, ukurasa mmoja. Tarehe uliyokabidhiwa stoo, nani na nani wana funguo, mara ya mwisho mashuka yalihesabiwa lini na wewe ulikuwepo au hukuwepo. Omba hesabu irudiwe mbele yenu wote wenye funguo. Omba maelezo ya makato kwa maandishi, nani kaamua na kwa msingi gani. Usimtaje mtu kuwa ndiye mwizi, hukumwona. Weka nakala. Wakikataa kukujibu, Zanzibar ina Sheria ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, na mshahara wa mtu haukatwi kwa kununa kwa bosi tu. Nenda Kamisheni ya Kazi na karatasi zako ukaulize utaratibu. Sikwambii utashinda. Mimi nilikwenda na risiti yangu nikapewa chai. Ila nilipolala usiku ule nilijua kwamba changu nimekifanya, kilichobaki si changu.

Lile la cheo lipite. Aliyepewa kapewa, na yeye siye aliyekukata mshahara, usimnunie binti wa watu. Na hao wanaokuita "Mpemba" kwa kebehi, wewe si Mpemba kweli? Itika.

Kama kazi yenyewe utaona haikaliki, nyumbani kupo. Sikwambii hivi ili ukimbie kesho, nakwambia ili ukizungumza na meneja usizungumze kama mtu asiye na pa kwenda. Riziki yako haijaandikwa kwenye daftari la hoteli.

Mamaako kakutilia halua ya Wete, nusu ya mamaako mdogo, asisahauliwe. Bibi yako anasema uisome sana Hasbunallahu, na kwamba kanga uliyomletea mara ile imechuja rangi, umwambie aliyekuuzia.

Kabla hujampa meneja hiyo barua, ipige picha uniletee kwa simu ya kakaako akirudi, au kwa ya jirani. Nataka niisome nitoe maneno makali, nakujua kalamu yako.

Wabillahi tawfiq.

Ni mimi babaako