Salamu za Pasaka: Makaa Mawili ya Petro

Wapendwa, Bwana amefufuka! Amefufuka kweli kweli.

Nawasalimu nyote katika jina lake: mliokesha kanisani mkiimba, mliobaki nyumbani na mgonjwa, na ninyi mlio zamu leo wakati wenzenu wanakula pilau.

Kwaresima nzima nimekaa na Petro. Usiku ule Bwana alipokamatwa kulikuwa na baridi, na watumishi wakakoka moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Petro akasimama nao akiota moto, na hapo uani ndipo alipomkana Yesu mara tatu. Sasa fungua Yohana 21. Kumepambazuka, na ufuoni mwa bahari ya Tiberia kuna moto wa makaa tena, juu yake samaki, na mkate. Safari hii aliyewaandalia ni Yesu mfufuka. Hakuanza na lawama. “Njoni mfungue kinywa,” anawaambia watu waliovua usiku kucha bila kupata kitu. Walipokwisha kula ndipo anamgeukia Petro: wanipenda? Anamwuliza mara tatu, na mara ya tatu Petro anahuzunika. Nadhani aliielewa hesabu ile. Yesu hakujifanya amesahau, wala hakumtupa. Alimrudisha pale pale palipouma, kisha akamkabidhi kondoo wake.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya imani ndani ya mtu. Tunaupenda sana mstari wa 2 Wakorintho 5:17, “ya kale yamepita”, nasi tunauandika hadi kwenye fulana za kwaya. Lakini ya kale hayapiti kwa kufunikwa. Zakayo alipookoka alitaja mali, akataja na kiwango: nusu kwa maskini, na aliyenyang’anywa arudishiwe mara nne.

Wazee wetu wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho wa Afrika Mashariki, walilijua hili vizuri. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Mkristo wa Uganda, Simeoni Nsibambi, alikutana na daktari mmisionari Joe Church, aliyekuwa akihudumu Gahini, Rwanda. Wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Baadaye Yosiya Kinuka, mmoja wa viongozi wa watumishi wa hospitali ya Gahini, alikwenda kwa Nsibambi na malalamiko juu ya hali ya mambo kazini, naye Nsibambi akamwelekeza kwanza atazame moyo wake mwenyewe. Kinuka alirudi Gahini mtu mwingine. Moto ule ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na huku kwetu Tanganyika. Walokole, yaani waliookoka, kama walivyoitwa, walirudisha vitu vya wizi kwa wenyewe. Waume waliwaomba radhi wake zao. Wamisionari nao walitubu mbele ya Waafrika ambao wao wamisionari walikuwa wakiwadharau, jambo ambalo kwa zama zile za ukoloni lilishangaza wengi. Wao waliliita kutembea nuruni.

Nalisema hili kwa upendo: kutubu chumbani peke yako, mlango umefungwa, si kazi ngumu sana. Kazi ni kumwendea shemeji uliyemmegea kiwanja, au mfanyakazi wa ndani ambaye mshahara wake umekuwa wa kesho na kesho. Pale ndipo miguu inakuwa mizito. Na pale ndipo nguvu za ufufuo zinapohitajika, kwa maana hakuna anayefika hapo kwa ujasiri wake mwenyewe. Petro hakujirudisha mwenyewe. Alitafutwa, akalishwa kwanza.

Kwa hiyo sikukuu hii nakuombea wewe unayejiona umeharibu mno. Nakuombea na wewe uliyekosewa, unayesubiri mtu abishe hodi na hajabisha bado. Bwana akutunze moyo katika kusubiri huko. Kesho ni Jumatatu ya Pasaka, hakuna kazi wala shule. Anayetaka kwenda kupatana na ndugu yake na anaogopa kwenda peke yake, aniambie, nitamsindikiza.

Heri ya Pasaka kwenu na nyumba zenu zote.