Usikubali laptopu ifomatiwe

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Swahiba Mutua,

Salamu nyingi. Nyumbani hawajambo? Huku sisi wazima, ila mvua imetutia matopeni, kutoka stejini hadi mlangoni ni kuruka madimbwi tu.

Picha uliyonitumia nimeiona: skrini nyeusi, na kistari kinapepesa pale juu kushoto. Eti fundi wa kompyuta wa mtaa wa Luthuli anasema kioo kimekufa, ama akufomatie akuwekee Windows. Kioo kilichokufa kingekuonyeshaje kistari? Usimpe hata shilingi. Picha za harusi ya dada yako zimo humo salama, lakini akifomati zimekwenda.

Kilichokwama ni ile sehemu inayochora madirisha na kishale cha mausi. Linux yenyewe, yaani mfumo wa Ubuntu unaoendesha laptopu yako, imeshaamka. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Zikikataa, ongeza Fn. Utaulizwa jina na nywila. Ukiandika nywila hutaona hata nukta moja ikitokea, wewe andika tu ubonyeze Enter.

Ukishaingia, andika `df -h` utazame mstari unaoishia na mkwaju (/) peke yake. Nina hakika utakuta 100%, yaani diski imejaa. Wewe na sinema zako! Uliniambia uliisasisha Ijumaa usiku, na kerneli mpya, yaani kiini cha Linux, ikaingia. Sasa, ile draiva ya NVIDIA niliyokuwekea, programu inayoendesha kadi ya picha, hujengwa upya na programu iitwayo DKMS kila kerneli mpya inapokuja, na kujenga kunataka nafasi. Diski ikijaa kazi inakatika njiani, kerneli mpya inawaka bila draiva yake, nawe unabaki na giza.

Kwa hiyo anza kwa kupunguza mzigo. `sudo apt clean` itafuta vifurushi vilivyopakuliwa zamani, wala haitakula bando. Kisha `sudo journalctl --vacuum-size=100M` ipunguze kumbukumbu za mfumo. Sinema mbili tatu zifute kwa `rm`, lakini soma jina vizuri kabla ya Enter, maana huku hakuna pipa la kuzirudisha. Rudia `df -h`. Ukiona gigabaiti kadhaa zimepatikana, andika `sudo dpkg --configure -a` uiache imalize ilichokiacha. Chomeka chaja kwanza; betri yako unaijua, na stima ya Rongai unaijua zaidi.

Ikishamaliza, andika `dkms status`. Unatafuta mstari wa nvidia wenye namba ya kerneli mpya, mwisho wake uwe `installed`. Namba yenyewe utaipata kwa `uname -r`. Zikilingana, `sudo reboot`.

Pengine hata F3 italeta giza. Hapo zima, uwashe tena, na nembo ikitokea tu bonyeza Esc mara moja. Ukiigongagonga itakutupa kwenye `grub>`, mahali pa kuandika amri za GRUB, programu inayowasha Linux. Andika `reboot` uanze upya, kwa utulivu safari hii. Menyu ikitokea ingia Advanced options for Ubuntu, uchague kerneli ya zamani, ile yenye namba ndogo. Mistari ya recovery mode iruke. Kerneli hiyo bado ina draiva yake, kwa hiyo skrini inapaswa kurudi, na kazi niliyokueleza utaifanya ukiwa na madirisha yako. Hapo tu usitegemee `uname -r`, itakupa namba ya zamani. Namba mpya isome kwenye hiyo hiyo menyu.

Ikigoma kabisa, andika `journalctl -b -p err`, upige picha ya mistari ya mwisho unitumie. Usiniandikie tu “imekataa”, Mutua. Nataka maneno yenyewe jinsi yalivyo.

Jumamosi niko huko Rongai kwa shangazi, nitapita na flashi yenye Ubuntu. Wewe hadi hapo tafuta diski ya nje ya kuazima, tuhamishe hizo picha za harusi.

Wako,
Otieno