Barua kwa mdogo wangu wa Birmingham: Ng'endo na ritifaa yake

Mdogo wangu,

Kwa hiyo mtoto ataitwa Ng'endo, jina la mama mkwe wako, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu kwa binti wa kwanza. Hapo sina neno. Wanaokutisha kwamba jina hilo halipo Uingereza wameangalia orodha ya majina ya watoto inayotolewa na ofisi ya takwimu ya huko. Orodha hiyo huacha nje jina lolote lililopewa watoto chini ya 3 kwa mwaka, tena huhesabu jina la kwanza tu. Wakenya wengi hutanguliza Grace au Faith, ndipo Ng'endo akafuata, kwa hiyo akina Ng'endo wa aina hiyo hawataonekana hata wakiwa wengi.

Kazi yako iko kwenye ndimi za watu na kwenye kompyuta.

Mwingereza anaijua sauti ya ng', ila lugha yake haianzi neno nayo. Akiikuta mwanzoni atachomeka irabu aseme "Eng-endo" au "Nagendo", au ataiponda iwe "Nendo". Utashauriwa uwafundishe kwa neno "singer". London linafaa. Birmingham achana nalo: wenyeji wengi wa huko hutamka g waziwazi katika "singer" kama katika "finger", na utaishia kupata ng ya ngoma badala ya ng' ya ng'ombe. Tumia "bank". Mtu aanze kulitamka, asimame kabla ya k, aivute sauti aliyofikia kwa sekunde 2 hivi, kisha aachie moja kwa moja kwenye e. Ncha ya ulimi ilale nyuma ya meno ya chini muda wote. Ikipanda kugusa ufizi wa juu, atatoa "Nendo". Irabu e ni ile ya "pen", na o ya mwisho ni fupi kama ya "pot", si ya "go". Silabi ni mbili, Ng'e-ndo. Mwalimu wa chekechea akipewa dakika 5 ana kwa ana ataliweza. Kumwandikia matamshi kwenye karatasi hakusaidii sana.

Sasa kompyuta, ambazo ndizo wakorofi hasa. Ofisa akikuambia mfumo haukubali ritifaa, yaani ile alama ya ' katika Ng'endo, muulize kwa upole watu wenye majina kama O'Brien wanaandikwaje. Tena mazoea hayohayo ya O'Brien yana madhara yake: programu nyingine hukuza herufi yoyote inayofuata ritifaa, ukapata "Ng'Endo". Pia kuna ritifaa iliyonyooka na iliyopinda. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni alama mbili tofauti, na simu nyingi huipinda yenyewe bila kukuuliza. Zahanati ikiwa imeandika moja na hospitali nyingine, jina linaweza lisipatikane likitafutwa. Hapo usibishane, waombe watafute kwa tarehe ya kuzaliwa au namba ya NHS, huduma ya afya ya umma ya huko. Kwenye fomu zote chapa iliyonyooka, na usitumie kile kimkato kinacholalia kushoto pembeni mwa namba 1.

Pasipoti isikutie wasiwasi. Mistari miwili inayosomwa na mashine chini ya ukurasa wa picha huondoa ritifaa kwa kanuni ya kimataifa, kwa hiyo itasomeka NGENDO. Tiketi ya ndege nayo ikisema NGENDO ni sawa.

Una siku 42 tangu kuzaliwa kumwandikisha. Kabla ya kutia sahihi, msajili atakuonyesha alichoandika. Soma herufi kwa herufi: ritifaa iwe kati ya g na e, pasiwe na nafasi, na e iwe ndogo. Ukishatia sahihi, kurekebisha kosa ni safari ndefu ya fomu na ushahidi. Kubadili jina lenyewe kunaruhusiwa ndani ya miezi 12 tangu kuandikishwa, lakini ni mara moja tu, usiitumie kwa ajili ya ritifaa.

Na kwa kuwa katiba ya 2010 inamhesabu kuwa Mkenya kwa kuzaliwa, mkiomba hati zake za Kenya peleka cheti hichohicho cha kuzaliwa na mkazie tahajia ileile. Karani wa Nairobi hahitaji kufundishwa matamshi, lakini ritifaa anaweza kuisahau kama yeyote.